MTO TANA: Maji yanayogawanywa kabla ya kufika baharini

MTO Tana huzaliwa katika misitu ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hukata nyanda kavu za mashariki, hupita Garissa, kisha huteremka kusini hadi Kipini ambako huingia Bahari Hindi. Safari hiyo ya takriban kilomita 1,000 ndiyo ndefu zaidi miongoni mwa mito ya Kenya. Njiani maji hayo huzungusha mitambo ya umeme, hunywesha jiji la Nairobi, huotesha mpunga wa Mwea, hukata kiu ya mifugo ya Waorma na Wardei, na hurutubisha mashamba ya Wapokomo.

Kila mmoja wa watumiaji hawa ana haja ya kweli, na si rahisi kumwambia yeyote kati yao kwamba hastahili. Tatizo ni kuwa hawayahitaji maji hayo kwa wakati mmoja wala kwa namna moja. Mhandisi wa kawi huyataka yakusanywe bwawani, yaachiliwe kidogo kidogo mwaka mzima. Mkulima wa ukingoni huyataka yafurike mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua za masika na za vuli, kisha yaondoke na kumwachia tope. Mfugaji hayahitaji sana wakati wa mvua, lakini kiangazi kinapokaza hana pengine pa kukimbilia. Naye mkazi wa jijini huyataka yakiwa safi, kila siku, bila kujali ni msimu gani.

Tuanze na Nairobi, kwa kuwa hapo ndipo hesabu ya mto huu huwashangaza wengi. Jiji hilo halimo katika bonde la Tana. Limo katika bonde la mto Athi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji yanayotoka katika mifereji ya nyumba zake hutoka upande wa pili wa mlima: katika mito ya Thika na Chania, ambayo ni matawi ya Tana, na katika mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 huko Gatanga, Murang'a, linaweza kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 70.

Maji hayo yakishatumiwa jijini hayarudi Tana. Yale yanayofika kwenye mabomba ya majitaka huelekezwa Ruai kusafishwa, humwagwa katika mto Nairobi, huingia Athi, ambao mbele huitwa Galana na hatimaye Sabaki, na hufika baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Kwa maneno mengine, mvua iliyonyesha Aberdare na ambayo kwa maumbile ingepita Garissa, Hola na Garsen, hupitishwa jikoni Nairobi na kutokea Malindi. Mtu wa Kipini haoni hata tone lake. Ni uhamishaji wa maji kutoka bonde moja hadi jingine, na jambo hilo hufanywa katika nchi nyingi duniani. Lakini yafaa lisemwe wazi, kwa sababu wanaoyapokea maji hayo mara nyingi hawajui wameyatoa kwa nani.

Ndiyo sababu mradi wa njia ya chini ya ardhi ya Murang'a, maarufu kama Northern Collector, ulizua kelele nyingi. Njia hiyo ya urefu wa kilomita 11.8 inachukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka katika bwawa la Ndakaini. Ilipokuwa ikijengwa, aliyekuwa kiongozi wa upinzani wakati huo, Raila Odinga, alionya kwamba ingegeuza maeneo ya Murang'a, Garissa na Tana River kuwa jangwa. Serikali ilijibu kwamba yangechukuliwa maji ya mafuriko tu, na kwamba kiasi cha kutosha kingeachwa mitoni. Maji yalianza kupita mwaka wa 2022.

Nani alikuwa na haki? Njia hiyo ilipangwa kubeba takriban mita za ujazo 140,000 kwa siku, yaani chini kidogo ya mbili kwa sekunde. Mto Tana ukifika Garissa hubeba, kwa wastani wa mwaka, zaidi ya mita za ujazo 100 kwa sekunde. Kwa kipimo hicho, kinachochukuliwa ni sehemu ndogo, labda moja au mbili katika mia, na neno jangwa lilizidisha. Lakini wastani wa mwaka ni kipimo cha kudanganya. Hakuna anayekunywa wastani. Mkulima wa Murang'a aliye hatua chache chini ya mahali maji yanapochukuliwa hupima mto wake mwezi wa Februari, na kwake swali si mto una maji mengi kiasi gani kwa mwaka bali ni kama lile sharti la kuchukua mafuriko peke yake hutimizwa siku ambayo Nairobi ina kiu na hakuna mtu anayetazama.

Mabadiliko makubwa zaidi ya Tana, hata hivyo, hayakuletwa na Nairobi. Yaliletwa na umeme. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka wa 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988. Mabwawa haya matano ya Seven Forks yana uwezo wa kuzalisha takriban megawati 600, na kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa umeme wa Kenya. Siku hizi mvuke wa ardhini wa Olkaria umeyapita, lakini nchi bado huyategemea, hasa saa za jioni wakati matumizi ya umeme hupanda ghafla.

Masinga ndilo hazina ya yote. Liko juu ya mengine na ndilo kubwa zaidi, kwani lilijengwa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56 ili yale ya chini yapate maji hata wakati wa kiangazi. Kwa mpango huo, maji yaleyale hufanya kazi mara tano kabla ya kuachiliwa. Ni hekima ya kihandisi isiyoweza kubezwa. Ukame ulipokaza mwaka wa 2009 na kituo cha Masinga kikafungwa kwa kukosa maji, taifa zima lililazimika kugawiwa umeme kwa zamu, viwanda vikasimama, na kila Mkenya akajua thamani ya mto ambao pengine hajawahi kuuona.

Lakini bwawa halihifadhi maji pekee. Huhifadhi pia tope na huhifadhi mafuriko, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyoijenga nchi ya chini ya Tana.

Chini ya Garissa mto huu hupita katika eneo lenye mvua haba, ambamo bila yeye pasingekuwa na msitu wala shamba. Mafuriko yalipokuja, maji yalipanda kingo, yakaingia katika mabonde na maziwa madogo ya pembeni, yakaacha tope lenye rutuba, kisha yakapungua. Wapokomo walipanda mpunga, mahindi na ndizi katika udongo huo wenye unyevu, na maembe kwenye kingo zilizoinuka. Maziwa ya pembeni yalijaa samaki. Nyasi za delta ziliota baada ya maji kuondoka, na wafugaji walizikuta mbichi wakati ambapo malisho ya bara yalikuwa yamekauka kabisa. Msitu wa kando ya mto, ambamo wanaishi kima wawili wasiopatikana popote pengine duniani, yaani mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana, nao hunyweshwa na maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka mtoni.

Mtu wa mjini akisikia neno mafuriko hufikiria maafa. Mtu wa Tana ya chini husikia maana mbili, na ya kwanza ilikuwa ni chakula.

Baada ya Masinga na Kiambere kujengwa, mafuriko ya wastani, yale ya kulimia, yalipungua kwa ukubwa na kwa idadi. Yale makubwa ya kuangamiza hayakukoma. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mvua ya kawaida ikinyesha, bwawa lenye nafasi huimeza. Mvua ya ajabu ikinyesha, kama ile ya El Nino ya mwaka wa 1997 na 1998, au ile ya mwaka wa 2018, au ya Aprili na Mei 2024, bwawa hujaa, na likishajaa halina hiari tena. Kinachoingia juu ndicho kinachotoka chini. Hivyo mkulima wa Garsen amepoteza mafuriko aliyoyahitaji na kubakiwa na yale aliyoyaogopa. Watu waliozoea mto mtulivu kwa miaka mitano au sita husogeza nyumba na mashamba karibu na maji, na siku Masinga inapofurika huwakuta hapo.

Haya hayamaanishi kwamba mabwawa yasingejengwa. Yanamaanisha kwamba wakati yalipokuwa yakipangwa, faida zilihesabiwa kwa megawati na hasara hazikuwa na kipimo, kwa hiyo hazikuandikwa.

Chini ya mabwawa, serikali ilijaribu kulipa fidia kwa njia nyingine: kunyunyizia mashamba maji. Historia ya miradi hiyo yafaa kusomwa polepole. Mradi wa Hola ulianzishwa mwaka wa 1953 chini ya ukoloni, na kazi ngumu ilifanywa na wafungwa wa Mau Mau. Ni huko ambako Machi 3, 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa. Mwishoni mwa miaka ya themanini mto ulihama, ukaacha pampu za Hola zikiwa zimekaa pakavu. Mto wa nchi tambarare hufanya hivyo, huku ukila ukingo mmoja na kujenga mwingine, na yeyote anayefunga pampu kando yake huna budi kumwuliza kama ameujua mwendo wake.

Mradi wa Bura ulioanza mwishoni mwa miaka ya sabini kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine ulikusudiwa kulima hektari 6,700 na kukalisha maelfu ya familia kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Hektari zilizopata maji hazikufika nusu. Maji yalivutwa na pampu za dizeli, na mafuta na vipuri vilipokosa fedha, pamba ilikauka shambani huku mto ukipita kilomita chache kando. Kule delta, mradi wa mpunga uliosimamiwa na Mamlaka ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi, TARDA, ulivunjwa na mafuriko yaleyale ya El Nino. Hola na Bura zilifufuliwa baadaye na zimelisha watu. Hata hivyo, zote tatu ziliugua ugonjwa mmoja: zilipangwa kana kwamba mto ni bomba.

Ziliugua na wa pili pia, nao ni wa ardhi. Waorma na Wardei wana njia za kupeleka mifugo mtoni, ziitwazo malka. Malka si barabara iliyopimwa na kuandikwa katika hatimiliki. Ni desturi, na imedumu kwa sababu wakulima na wafugaji waliielewa, na walipokosana wazee wa gasa wa Wapokomo na wale wa matadeda wa Waorma walikaa na kuamua. Shamba kubwa likiwekwa ukingoni, malka huzibika. Wakulima wadogo nao, wakikosa mafuriko ya kulowesha mashamba ya mbali, husogea karibu zaidi na mto na kuzizuia zilizobaki. Kisha ukame huja, na ng'ombe wa Tana River hukuta wameongezewa wale wa Garissa na hata wa mbali zaidi, wote wakielekea delta.

Matokeo yake yameandikwa kwa damu. Mapigano yalizuka mwaka wa 2001, na kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Si haki kusema maji ndiyo yaliyoua. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia, silaha zilikuwepo, na wapo waliochochea. Lakini uchochezi huhitaji kuni kavu, na huko kuni zilikuwa zimeanikwa kwa miaka mingi.

Mabishano hayo ya ardhi yalifika mahakamani. Mwaka wa 2008 kulikuwa na mpango wa kulima miwa katika takriban hektari 20,000 za delta, na baadaye wengine walitaka kupanda mibono ya kutengenezea mafuta. Wakazi walishtaki. Mwaka wa 2013 Mahakama Kuu iliamuru kwamba upangwe kwanza matumizi ya ardhi ya delta nzima, kwa kuzishirikisha jamii zinazoishi humo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, delta hiyo ya hektari 163,600 ilikuwa imeingizwa katika orodha ya ardhioevu za umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mpango uliotokana na amri hiyo ulitenga sehemu za kulima, za kulisha, za makazi na za kuhifadhi, na ukaziandika malka kwenye ramani. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni miongoni mwa kazi bora za upangaji zilizowahi kufanywa mashinani nchini. Upungufu wake ni mmoja tu: ramani ya ardhi haiwezi kuamuru maji yaje.

Na kwamba hayaji inavyotakiwa, ushahidi uko Ozi, karibu na Kipini. Wakulima wa huko wana ufundi wa kale wa kulima mpunga kwa msaada wa bahari. Maji ya bahari yakijaa, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo hupanda na kuingia majarubani. Bahari ikitoa, hushuka. Ni unyunyizaji usiohitaji pampu wala dizeli. Lakini mizani yake ni nyembamba mno. Mto ukipungua nguvu, kinachopanda si maji matamu tena bali ni chumvi. Mashamba ya mpunga na miembe huko Ozi yameharibiwa kwa njia hiyo, na udongo ukishaingia chumvi huhitaji mafuriko mazuri ya maji matamu kuusafisha, mafuriko yaleyale ambayo yamepungua.

Basi uwiano utapatikanaje? Kisheria, jibu lipo. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na ya kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002, na ile ya 2016 iliyochukua mahali pake, zinataja akiba: kiasi cha maji ambacho lazima kibaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa viumbe, kabla ya mtu yeyote kupewa kibali cha kuchukua yanayosalia. Akiba hiyo si zawadi kwa samaki. Ndiyo maji ya Ozi.

Ugumu uko katika namna ya kuipima. Akiba ikiwekwa kuwa kiasi kimoja cha chini kinachopita kila siku, itamfaa mfugaji lakini haitamfaa mkulima wala msitu, kwani wao huhitaji kupanda na kushuka kwa maji. Kinachowezekana, na ambacho kimefanywa katika mito mingine ya Afrika, kama Senegal baada ya bwawa la Manantali kujengwa, ni kuachilia mafuriko kwa makusudi: bwawa linafunguliwa kwa siku kadhaa katika msimu unaojulikana, wakulima wakiwa wametangaziwa, kisha linafungwa. Gharama yake ni umeme ambao haukuzalishwa. Zamani gharama hiyo isingevumilika. Leo, Kenya ikiwa na mvuke, upepo wa Turkana na jua, swali hilo linaweza kuulizwa tena bila mtu kuchekwa.

Upande wa juu wa mto nako kuna la kufanya, na pengine huko ndiko mambo yameendelea vizuri zaidi. Miteremko ya Murang'a na Nyeri inapolimwa bila matuta, mvua hubeba udongo hadi mabwawani, na kila tani ya tope iliyotua Masinga imechukua nafasi ya tani ya maji. Tangu mwaka wa 2015, Hazina ya Maji ya Tana ya Juu imekuwa ikiwasaidia wakulima wadogo kuchimba matuta, kupanda nyasi za lishe kando ya vijito na kuchimba vidimbwi vya kuvunia maji ya mvua. Hesabu zilizofanywa kabla ya kuanzishwa kwake zilionyesha kwamba dola milioni 10 zikitumiwa hivyo zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30, kwa udongo usiopotea shambani, maji yasiyohitaji dawa nyingi kusafishwa na umeme unaoongezeka. Mkulima mwenye ekari moja hapandi nyasi kwa ajili ya Nairobi. Huzipanda kwa sababu ng'ombe wake huzila. Hapo ndipo werevu wa mpango huo ulipo.

Kwa bahati mbaya, hazina kama hiyo huwaunganisha watu wa juu na watu wa kati, yaani wakulima wa milimani, jiji na kampuni za umeme. Mtu wa delta hana anachomlipa mtu wa milimani, na kwa hiyo hayumo mezani.

Suala hili litarudi hivi karibuni kwa uzito mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kwa miaka mingi serikali mbalimbali zimezungumzia kujenga bwawa la High Grand Falls, chini ya Kiambere, ambalo kwa mujibu wa mipango iliyotangazwa lingehifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 5, zaidi ya mara tatu ya Masinga. Bado halijajengwa. Likijengwa, lingeweza kuyazuia mafuriko ya kuangamiza yanayoipiga Garissa, na lingeweza kuachilia yale ya kulimia kwa tarehe zinazojulikana. Lingeweza pia kuyameza yote mawili na kuyaelekeza kwenye mashamba makubwa, na kuiacha Kipini na bahari yake.

Ukuta ni uleule katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni ratiba ya kufungua milango, na ratiba hiyo huandikwa wakati wa kutafuta fedha za ujenzi, si baada ya saruji kukauka. Nairobi ilikuwa na wakazi 4,397,073 katika sensa ya mwaka wa 2019, na kaunti ya Tana River 315,943. Wanaoandika ratiba wanazijua hesabu hizo mbili. Wazee wa Ozi, ambao huujua mwezi ambao maji matamu hupaswa kufika na kimo chake jarubani, hawajawahi kuwa na nambari ya kuweka kando yake.